Namna ya Kulitumia na Kulitafsiri Neno la Kiingereza "Immaculate"

Kiingereza kina vivumishi vingi vya kusifia kitu kisicho na kasoro, na miongoni mwake "immaculate" ni kimojawapo kinachowaponyoka sana waandishi wetu. Tunakikuta katika matangazo ya magari, katika maelezo ya hoteli za pwani, katika ripoti za mpira wa miguu, na hata katika majina ya parokia na shule. Kila mahali kina maana yake, ilhali kamusi nyingi humpa msomaji "safi kabisa" au "bila doa", kisha humwachia mengine ayatafute mwenyewe. Maelezo yanayofuata yamekusudiwa mfasiri, mwalimu, mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, na yeyote anayeandika Kiingereza cha biashara na asiyependa kulaumiwa baadaye kwa neno alilolichagua.

Ni vyema kuanza na asili yake, kwa sababu inaeleza mengi. Katika Kilatini, "macula" ni doa au waa, na kiambishi awali "in-" hukanusha. Kiambishi hicho kikikutana na m hugeuka kuwa "im-", na ndiyo maana neno letu huandikwa kwa m mbili. Madaktari wa macho nao hulitumia neno "macula" kwa sehemu ndogo iliyo katikati ya retina ambayo hutuwezesha kusoma herufi ndogo, kwa kuwa huonekana kama doa la manjano. Neno liliingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 15 likiwa na maana ya roho isiyochafuliwa na dhambi. Maana ya shati safi na chumba kilichopangwa ilikuja baadaye sana, katika karne ya 18. Kwa hiyo neno lilianzia kanisani ndipo likafika kwa dobi, na hadi leo limebeba uzito ambao "clean" haina.

Kanuni kubwa kuliko zote ni kwamba "immaculate" husifu usafi uliotafutwa. Mtu amefua, amepiga pasi, amepiga deki, amepogoa maua, kisha amerudi kukagua, na jicho kali likapita juu ya kazi yake lisione pa kulaumu. Ndiyo maana wenye lugha husema "an immaculate kitchen", "an immaculate garden" au "an immaculate uniform", lakini hawasemi "immaculate rain", hata mvua iwe safi namna gani, kwa kuwa hakuna aliyeihangaikia.

Chukua sentensi hii: "He arrived for Eid prayers in an immaculate white kanzu." Msomaji wa Kiingereza haoni weupe peke yake. Anaona shingo isiyo na mstari wa jasho, tarizi iliyolala sawasawa, mikono iliyotiwa wanga kiasi cha kusimama bila kukakamaa, na pindo ambalo halijagusa vumbi. Aliyewahi kumtazama dobi wa pasi ya mkaa ataelewa zaidi. Chembe moja ya jivu ikiruka kutoka kwenye matundu ya pasi, ikatua kifuani na kukandamizwa na chuma cha moto, kanzu hiyo bado ni safi, bado ni nyeupe na bado inavalika, lakini haistahili tena kuitwa "immaculate". Dobi mzoefu huipeperusha pasi nje ya mlango kwanza, akaifuta kwa kitambaa kibichi, ndipo akaigusa nguo. Kiwango hicho ndicho neno linachokidai, na mwandishi asiyekuwa na hakika nacho atumie "clean" au "neat" bila aibu.

Hapo ndipo "immaculate" inapoachana na jirani yake "pristine". Hili la pili limetokana na neno la Kilatini "pristinus", yaani kilicho cha awali, cha zamani. Kitu kilicho "pristine" kimebaki kama kilivyokuwa kabla ya mtu kukigusa, au kimerudishwa katika hali hiyo ya mwanzo. Ufuo ambao wafanyakazi wa hoteli huufagia kila alfajiri, mwani ukazolewa kwa toroli na mchanga ukasawazishwa kwa reki, ni "immaculate". Ufuo ambao haufagiwi na mtu, wenye mwani wake, magamba yake na njia za kaa, ndio "pristine". Matangazo ya hoteli za Zanzibar na Diani hulibandika "pristine" kwenye ufuo wa kwanza, na mgeni aliyesafiri kwa ajili ya ufuo wa pili ana haki ya kunung'unika. Lipo pia jambo la haki kwa wenyeji. Mwandishi anayeiita nyika fulani "pristine" anadai kwamba hakuna watu walioishi hapo wakachunga, wakachoma majani na kuchimba visima. Kwa Serengeti dai hilo si kweli, kwa kuwa Wamaasai walichunga huko hadi walipohamishiwa upande wa Ngorongoro, eneo hilo lilipotengwa mwaka 1959. Kwa mandhari yenye historia ya watu, "unspoilt" hudai machache zaidi, na mara nyingi jina la mahali pamoja na maelezo ya kile kinachoonekana hutosha.

Majirani wengine hawahitaji maneno mengi. "Spotless" ni la nyumbani, la sakafu, sinki na vioo, nalo halina fahari. "Mint" ni la sarafu, stempu na kadi za wakusanyaji, likimaanisha hali ya kitu kama kilivyotoka kiwandani. "Flawless" lina maana ya kitaalamu kwa wauzaji wa vito, kwani katika upangaji wa almasi hutolewa kwa jiwe lisiloonyesha dosari ndani wala nje likikuzwa mara 10. Kwa hiyo mwenye duka la tanzanaiti asiliazime kwa ajili ya kupamba, na asijaribu kuliepuka kwa kusema "immaculate", ambalo katika biashara hiyo si daraja la jiwe lolote. "Impeccable" limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kutenda dhambi, nalo hupenda kukaa na adabu, uchaguzi wa mavazi na sifa za kazi. Tabia za mtu zinaweza kuwa "impeccable" au "immaculate", lakini jiko haliwi "impeccable" mpaka mwandishi awe anatania.

Matangazo ya magari yanahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu huko neno hugeuka kuwa ahadi yenye bei. Katika matangazo ya magari yaliyotumika, "immaculate condition" ni sifa ya juu kabisa, juu ya "good" na "very clean". Wanaoagiza magari kutoka Japani kupitia Dar es Salaam na Mombasa wana kipimo kizuri mkononi, nacho ni karatasi ya mnada. Ndani yake kuna mchoro wa gari uliotiwa alama: A kwa mkwaruzo, U kwa mbonyeo, W kwa sehemu iliyowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, na tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. Gari lenye A1 kwenye mlango na U1 kwenye bampa linaweza kuwa gari zuri sana, lakini si "immaculate", na atakayeliandika hivyo huku karatasi ikiwa kwenye droo anamwalika mnunuzi kuja kumsuta. Gari ambalo daraja lake ni R, yaani lililopata ajali likatengenezwa, lisikaribiane na neno hili hata kidogo. Nchini Uingereza mwaka 1972 mahakama iliamua kwamba muuzaji aliyetangaza gari kuwa "beautiful", ilhali lilikuwa bovu kiasi cha kutofaa barabarani, alikuwa ametoa maelezo ya uongo chini ya Sheria ya Maelezo ya Biashara ya 1968. Ikiwa "beautiful", neno la ladha tu, lilimfikisha mtu huko, "immaculate" lina hatari zaidi, kwa sababu linasema jambo ambalo mnunuzi anaweza kulipima kwa kidole.

Likitoka kwenye vitu na kuingia kwenye matendo, neno huhifadhi wazo lilelile la ukaguzi usioona kosa. "Immaculate timing" ni kufika au kusema kwa wakati wake barabara. "An immaculate first touch" ni mguso wa kwanza wa mchezaji ambao huulaza mpira pale anapoutaka. "An immaculate record" ni historia ya kazi isiyo na onyo wala shauri la nidhamu. "She speaks immaculate Swahili" haimaanishi kwamba ana lafudhi tamu, bali kwamba hakosei upatanisho wa ngeli wala matumizi ya maneno. Wamarekani wana misemo miwili ya michezo ambayo mfasiri huweza kukutana nayo. Katika besiboli, "immaculate inning" ni pale mrushaji anapowatoa wapigaji watatu kwa mirusho tisa tu, yaani mitatu kwa kila mmoja, bila yeyote kufanikiwa kuupiga mpira vyema, nayo ni idadi ndogo kuliko zote inayowezekana kwa kuwatoa watu kwa njia hiyo. Katika mpira wa Kimarekani, "Immaculate Reception" ni jina la mdako wa Franco Harris wa Pittsburgh Steelers dhidi ya Oakland Raiders, tarehe 23 Desemba 1972, alipouwahi mpira karibu na nyasi baada ya kugongana kwa wachezaji na kukimbia nao hadi kupata pointi za ushindi. Jina hilo ni mchezo wa maneno juu ya fundisho la Kikatoliki, na asiyelijua fundisho hilo hataona kichekesho chake.

Fundisho lenyewe linastahili nafasi zaidi, kwa sababu makosa hapa hutokea hata kwenye magazeti makubwa ya Kiingereza. "Immaculate Conception" haihusu kutungwa mimba kwa Yesu bila baba wa kibinadamu. Hilo huitwa "virgin birth". "Immaculate Conception" ni fundisho linalohusu kutungwa mimba kwa Maria mwenyewe tumboni mwa mama yake, ambaye mapokeo humwita Anna, na linasema kwamba tangu nukta hiyo Maria alikingiwa dhambi ya asili. Papa Pius IX alilitangaza kuwa fundisho rasmi la imani tarehe 8 Desemba 1854, na sikukuu yake huadhimishwa tarehe hiyo kila mwaka, miezi tisa kamili kabla ya tarehe 8 Septemba, sikukuu ya kuzaliwa kwake. Kiswahili cha Wakatoliki kimelieleza jambo hili kwa uwazi kuliko Kiingereza, kwa kusema Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na mfasiri asibuni namna nyingine kama "Mimba Safi" au "Mimba Isiyo na Doa". Vivyo hivyo "Immaculate Heart of Mary" tayari ni Moyo Safi wa Maria, na waumini wamelizoea jina hilo kwa miaka mingi.

Katika muktadha huu neno huandikwa kwa herufi kubwa. Herufi hiyo kubwa ina kazi nyingine Afrika Mashariki, kwa sababu Immaculate, Immaculata na Imakulata ni majina ya wanawake katika familia nyingi za Kikatoliki za Uganda, Kenya na Tanzania, na Immaculée ni la kawaida Rwanda na Burundi. Programu za kutafsiri hulivuruga jambo hili vibaya, na mtu anayeitegemea mashine bila kusoma upya atakuja kuandika kwamba "Safi Kabisa alichaguliwa kuwa mweka hazina wa kikundi".

Biblia pia ni mwalimu mzuri wa kulitafsiri neno hili. Katika Waraka wa Kwanza wa Petro, Kilatini kinamwita Kristo mwana-kondoo "immaculatus", na Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka inasema "mwana-kondoo asiye na ila, asiye na waa". Katika Zaburi ya 119, neno hilohilo la Kilatini linafungua wimbo kwa kuwataja walio "immaculati" katika njia, na Kiswahili kinasema "Heri walio kamili njia zao". Watafsiri hawakung'ang'ania waa katika Zaburi, maana njia ya mtu haina madoa. Waliuliza ukamilifu wa mwenendo Kiswahili kinausemaje, wakaandika hivyo.

Fuata mwendo huohuo katika matini ya kawaida. Mwanamume aliyevaa vizuri pasipo kasoro ni mtanashati, na "immaculately dressed" haihitaji zaidi ya neno hilo, labda pamoja na "nadhifu" ukitaka kumtoa kwenye ulimbwende. Shati ni jeupe pe. Chumba ni nadhifu, kila kitu mahali pake. Gari halina hata mkwaruzo. Rekodi ya mtumishi haina doa, na hapa doa linafaa, kwa kuwa Kiswahili chenyewe husema hivyo. Penalti imepigwa kiufundi. Kiswahili cha mtu ni fasaha, kisicho na dosari. Ukiona umeandika "bila doa" mara nne katika ukurasa mmoja, hujatafsiri bado. Umebadilisha alama moja kwa nyingine, na msomaji ameanza kuwaza sabuni.

Wanasayansi wa viumbe wamelirudisha neno kwenye maana yake ya kwanza ya Kilatini, na hapo si sifa tena. Kiumbe kilicho "immaculate" au "immaculatus" hakina madoadoa mwilini, basi. Kwenye maji yetu ya pwani, hasa penye majani ya bahari na mikoko, yumo bunju aitwaye Arothron immaculatus, mwenye mwili wa kijivu au hudhurungi usio na madoa, ingawa mkia wake una ukingo mweusi. Ndugu yake Arothron stellatus amejaa madoa meusi. Mtafsiri wa kitabu cha samaki akimwita wa kwanza "bunju safi" atamdanganya msomaji kwa namna inayoweza kumdhuru, kwa sababu samaki wa jamii hii wanaweza kuwa na sumu kali, na neno "safi" sokoni linamaanisha kwamba kitu kinalika. "Bunju asiye na madoa" ni tafsiri sahihi na salama.

Kwa upande wa sarufi, kumbuka kwamba neno hili tayari liko kwenye kilele. "Very immaculate" na "more immaculate" huonekana mara chache na husikika vibaya, kwa kuwa kitu ama kina doa au hakina. Ukitaka kukazia, andika "absolutely immaculate". Ukitaka kupunguza, andika "almost immaculate". Wazungumzaji wa Kiingereza wana pia "less than immaculate" na "far from immaculate", ambazo ni kejeli za adabu zenye maana kwamba mahali ni pachafu. Mteja wa hoteli akiandika kwamba "the bathroom was less than immaculate", meneja asifikiri amesifiwa kwa kiasi. Huyo ni mtu aliyeona nywele kwenye sinki. Kinyume chake "maculate" kipo kwenye kamusi lakini hakitumiki, kwa hiyo andika "stained" au "dirty". Kirai huanza kwa "an" kwa sababu neno linaanza na irabu, na kielezi chake, "immaculately", hakiunganishwi kwa kistari na neno linalokifuata, hivyo ni "an immaculately kept garden".

Katika kulitamka, tatizo letu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi hulivuta neno likawa "imakyuleiti". Mkazo wa Kiingereza uko kwenye "mak", na mwisho wa neno ni mfupi na hafifu, karibu na "lit", kama ilivyo katika "chocolate". Tahajia ni m mbili, c moja, l moja.

Likija suala la barua ya maombi ya kazi, sifa hii apewe mwombaji na mwajiri wake wa zamani, asijipe mwenyewe. "I have an immaculate attendance record" inakubalika, kwa sababu mahudhurio yanahesabika na daftari lipo. "I am an immaculate person" inachekesha, na kwa msomaji Mkatoliki inashangaza zaidi. Vijana mitandaoni wanaandika "the vibes are immaculate" kusifia sherehe au muziki uliokolea, na hakuna ubaya ndani ya ujumbe wa simu, lakini ripoti ya semina inayopelekwa kwa mfadhili itaje kwamba washiriki waliridhika na ieleze waliridhika na nini.